Utulivu na Kupendezana kwa Watu Wasiojuana: Mfano wa Wazo na Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mhadhara huu unachunguza namna utulivu wa mwili na wa nafsi unavyowafanya watu wasiojuana wapendezane, na unachukua mfano wake katika kata ya Wazo, wilaya ya Kinondoni, pamoja na maeneo yanayofanana nayo upande wa Temeke kama vile Mbagala na Chamazi. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho mtu hukidhani kuwa ni tabia ya mgeni aliyekutana naye kwa mara ya kwanza hutokana na hali aliyokuwa nayo yeye mwenyewe wakati wa kukutana, na kwamba hali hiyo hutengenezwa kwa kiasi kikubwa na mahali: kivuli au jua, nafasi au msongamano, haraka au wasaa. Kwa hiyo jamii inayotaka majirani wapya waaminiane haina budi kupatengeneza mahali wanapokutania kabla ya kuwahubiria upendo.

Maana ya istilahi

Utulivu unaozungumziwa hapa si uvivu wala si ukimya. Ni ile hali ambayo misuli imelegea, pumzi zinakwenda taratibu, mapigo ya moyo yamepungua kasi, na mtu haoni sababu ya kujihami. Mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia unapohisi hatari: moyo huenda mbio, damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli, na kazi ya kusaga chakula hupunguzwa. Maandalizi hayo husimamiwa na mfumo wa neva unaojiendesha, yaani ule ambao hausubiri amri ya mwenye mwili, na mfumo huohuo una upande wa pili unaourudisha mwili katika mapumziko baada ya hatari kupita. Mtu aliyetulia, basi, ni mtu ambaye mwili wake umekwisha kuamua, kabla ya akili yake kutoa hoja yoyote, kwamba mahali alipo ni salama.

Kupendezwa nako si mapenzi wala si urafiki, bali ni hatua inayotangulia vyote viwili: hali ya kumwona mwenzako kuwa mtu mwema, kumkubali, na kuwa radhi kukaa naye tena. Ama mtu asiyejulikana, yeye ana daraja zake. Yupo ambaye hajawahi kuonekana kabisa, na yupo yule ambaye mwanasaikolojia Stanley Milgram, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alimwita mgeni aliyezoeleka, yaani mtu anayeonekana kila asubuhi kituoni, ambaye sura yake inajulikana na hata nguo zake zinakumbukwa, lakini hajawahi kusalimiwa wala jina lake kuulizwa. Miji mikubwa imejaa watu wa daraja hii ya pili, na Dar es Salaam haikosi wake.

Mji wa watu wasiojuana

Kilima cha Wazo kilijulikana nchini kwa saruji kabla ya kujulikana kwa makazi, kwa kuwa kiwanda kinachotumia mawe ya chokaa ya kilima hicho kilianza uzalishaji mwaka 1966, wakati mji wenyewe ulikuwa bado uko mbali upande wa kusini. Sensa ya mwaka 1967 iliihesabu Dar es Salaam kuwa na watu takribani 273,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima, wakiwemo 982,328 wa Kinondoni na 1,346,674 wa Temeke. Ongezeko la namna hiyo halielezeki kwa vizazi vya wenyeji peke yao, bali limeletwa pia na watu waliotoka mikoani, na wengine waliohama katikati ya mji kufuata viwanja, wakajenga Salasala, Madale, Mivumoni na Tegeta, mtu wa Bukoba akipakana na mtu wa Mtwara, na wote wawili wakipakana na Mzaramo ambaye baba yake alilima hapo.

Mgeni wa zamani aliingia mjini kwa njia nyingine. J. A. K. Leslie, ambaye utafiti wake kuhusu Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ulichapishwa mwaka 1963, aliukuta mji ambao mtu aliyewasili alitafuta kwanza ndugu au mtu wa kwao, akapata mahali pa kulala, kisha akapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, yaani ile nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Haikuwa lazima wapangaji wa nyumba hiyo wawe na asili moja, lakini walichota maji pamoja, walipika katika ua mmoja, na jioni walikaa katika baraza moja. Walikuwa wageni kwa wageni ambao jengo lenyewe liliwalazimisha kuonana wakiwa wamepumzika.

Yale yaliyoonyeshwa na majaribio

Wanasaikolojia Donn Byrne na Gerald Clore walipendekeza mwaka 1970 kwamba mtu humpenda yule anayeambatana na hisia njema, hata kama si yeye aliyezisababisha, na humchukia yule anayeambatana na karaha, hata kama hana hatia. Mwaka huohuo William Griffitt aliwaweka wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani katika chumba, baadhi katika hewa ya kawaida na wengine katika joto kali, akawapa dodoso lililosemekana kuwa limejazwa na mtu wasiyemjua, kisha akawauliza wanamwonaje mtu huyo. Waliokuwa katika joto walimpenda kidogo kuliko wenzao, ingawa mtu huyo hakuwamo chumbani na hakuwa na uhusiano wowote na joto hilo. Mwaka uliofuata Griffitt na Russell Veitch waliongeza msongamano katika jaribio la aina hiyo, na matokeo yalielekea kulekule: joto na kubanana, kila kimoja kwa nafasi yake, kilimpunguzia mgeni heshima machoni pa watu.

Kabla yao, mwaka 1956, Abraham Maslow na Norbett Mintz walikwisha kuonyesha jambo la jamii hiyo pasipo joto. Waliwapa watu picha za nyuso za kutathmini, wengine wakiwa katika chumba kizuri, wengine katika chumba cha kawaida, na wengine katika chumba kibovu kilichofanana na stoo, na nyuso zilezile zilionekana zenye nguvu na afya njema zaidi machoni pa waliokaa katika chumba kizuri. Jambo linaloziunganisha tafiti hizi huitwa uhamishaji wa chanzo cha hisia, maana yake ni kwamba mtu hupata hisia kutoka sehemu moja na kuihesabu kuwa imetoka sehemu nyingine. Mgeni hulipwa, au hutozwa, kwa jambo lililofanywa na mahali.

Ni kweli kwamba washiriki wengi wa majaribio hayo walikuwa wanafunzi wa Marekani, na kwamba athari za namna hii mara nyingi huwa za wastani, si za kupindua mambo. Norbert Schwarz na Clore waliripoti mwaka 1983 kwamba watu waliopigiwa simu siku ya jua waliyasifu maisha yao kuliko waliopigiwa siku ya mvua, lakini uchunguzi mpana uliofanywa baadaye ulikuta kwamba hali ya hewa hubadilisha majibu ya namna hiyo kidogo mno. Hata hivyo utafiti wao ulikuwa na kipengele kimoja chenye faida kubwa: mhojiwa alipoulizwa kwanza kuhusu hali ya hewa, tofauti ile ilitoweka, kwa sababu alikwisha kutambua hisia yake inatoka wapi. Anayejua kwamba ni jua linalomkasirisha hana haja ya kumkasirikia jirani.

Abiria wa asubuhi

Mkazi wa Wazo hana haja ya kwenda maabara ili kuyaona haya. Tangu mwaka 1983, watu binafsi waliporuhusiwa kuingiza magari yao katika usafiri wa abiria wa jiji, daladala imekuwa ndiyo sebule kuu ya watu wasiojuana Dar es Salaam, na ni sebule iliyopangwa vibaya. Abiria aliyepandia Tegeta saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuelekea Mwenge amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umekumbatia mkoba, kisigino cha mtu kiko juu ya kidole chake, na konda anahimiza watu wasogee nyuma akidai kuna nafasi ambayo hakuna mwingine anayeiona. Joto la miezi ya Desemba hadi Machi, likichanganyika na unyevunyevu wa bahari, linamaliza kilichobaki. Katika hali hiyo mtu anayeuliza kama dirisha linaweza kufunguliwa huonekana mkorofi, na anayepokea simu kwa sauti huonekana hana adabu, ilhali watu haohao wakikutana jioni kwenye benchi la muuza kahawa, mmoja akisogea ili mwenzake apate kukaa, kila mmoja atamwona mwenzake kuwa muungwana.

Milgram alieleza mwaka 1970 kwamba mkazi wa mji mkubwa hupokea watu, sauti na madai mengi kuliko anavyoweza kuyashughulikia, na kwa hiyo hujifunza kufumba: hutazama pembeni, hujibu kwa ufupi, hupita. Huko si kukosa utu, bali ni njia ya kubana matumizi ya nguvu za nafsi. Lakini kufumba kuna gharama ambayo watu hawaihesabu. Nicholas Epley na Juliana Schroeder, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwaomba baadhi ya wasafiri wa treni na mabasi ya Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua na wengine wakae kimya, na wakakuta kwamba waliozungumza waliifurahia safari yao zaidi, ingawa watu waliotakiwa kubashiri walitarajia kinyume chake. Kizuizi, kwa hiyo, si kwamba watu hawapendi kuzungumza, bali ni kwamba kila mmoja anadhani mwenzake hapendi.

Msisimko na utulivu

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Donald Dutton na Arthur Aron walionyesha mwaka 1974, katika daraja la kuning'inia la Capilano nchini Kanada, kwamba wanaume waliohojiwa na msichana wakiwa juu ya daraja hilo linaloyumba walielekea zaidi kumpigia simu baadaye kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara. Kwa utafiti huo ingeweza kudaiwa kwamba ni woga, wala si utulivu, unaozaa mvuto. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1981, pale Gregory White na wenzake walipowachosha wanaume kwa mazoezi na kuwaonyesha mwanamke katika video: waliosisimka zaidi walimpenda kuliko wenzao alipokuwa na mvuto, na walimpenda kidogo kuliko wenzao alipoonekana hana mvuto. Msisimko, basi, hukuza kile kilichokwisha kuwapo, kiwe kizuri au kibaya. Katika uwanja wa mpira shabiki wa Simba humkumbatia shabiki mwenzake asiyemjua baada ya bao, na katika daladala iliyobanana chuki ndogo huwa ugomvi. Utulivu hufanya kazi tofauti, kwa maana humpa mtu nafasi ya kumtazama mgeni kabla ya kumhukumu, na kwa sababu hiyo ndio unaofaa zaidi kwa ujirani, ambao hauhitaji mvuto wa ghafla bali kukubaliana kwa muda mrefu.

Desturi zinazotuliza

Jamii za Waswahili na majirani zao zilikuwa na mbinu za kumtuliza mgeni muda mrefu kabla saikolojia haijawa taaluma. Ya kwanza ni salamu ndefu. Anayeulizwa habari za asubuhi, kisha za nyumbani, kisha za watoto, hatoi taarifa yoyote ya maana kwa kujibu kuwa ni nzuri, lakini kwa muda wa sentensi chache amesikia sauti isiyo na shari, amejibu kwa maneno ambayo hayawezi kukosewa, na mwili wake umepata nafasi ya kushusha ulinzi. Shikamoo na marahaba hufanya zaidi ya hapo, kwa kuwa huwapangia watu wawili wasiojuana nafasi zao mara moja, kiasi kwamba hakuna anayelazimika kukisia amwite mwenzake nani.

Ya pili ni utani, yaani uhusiano unaotambuliwa kati ya makabila au koo, ambao ndani yake watu huruhusiwa kutukanana kwa mzaha na huwajibika kusaidiana, hasa misibani. Jambo hili liliandikwa mapema na Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ambaye katika miaka ya 1940 alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani walipita katika nchi za watu wasiowajua, na utani, kama ule wao na Wazaramo, uliwapa njia ya kuingia. Siri yake iko wazi: tusi linalojulikana kuwa si tusi ni uthibitisho kwamba hakuna hatari. Leo Msukuma anayehamia Wazo akimsikia jirani Mzaramo akimdai jembe la babu yake, anajua amepokewa, na wale ambao makabila yao hayana utani wamejipatia mwingine katika Simba na Yanga, klabu ambazo Watanzania huziita watani wa jadi.

Ya tatu ni kukaa pamoja bila shughuli kubwa. Barazani au kijiweni kuna birika la kahawa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mikono, kashata, na ubao wa drafti ambao kete zake ni vizibo vya soda, vya upande mmoja vikiwa vimefunuliwa na vya upande wa pili vimefunikwa. Mgeni anayesimama kutazama drafti hatakiwi kujieleza. Macho ya wote yako ubaoni, naye anaweza kukaa kimya au kumshauri anayeshindwa, na kufikia mchezo wa tatu ameulizwa anakaa wapi. Kwa wanawake jambo kama hilo hutokea kwenye mkeka wa msusi: msukwaji huketi chini, kichwa kikiwa kati ya magoti ya mtu ambaye pengine alikutana naye saa hiyo tu, chanuo likipita na vidole vikigawa nywele mstari kwa mstari kwa muda wa saa tatu au nne. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, mikono ina kazi, mwili umeachiliwa, na mazungumzo huenda mbali kuliko yangekwenda sebuleni. Wanawake wengi waliohamia pembezoni mwa mji walipata jirani wao wa kwanza kwa njia hiyo.

Ukuta na geti

Nyumba mpya za Wazo, Madale na Mivumoni zimejengwa kwa mpango mwingine. Kiwanja kikinunuliwa, mara nyingi ukuta hutangulia nyumba, kwa sababu za haki: wezi wapo, mipaka huvamiwa, na mlalahai aliyejinyima miaka kumi kwa ajili ya matofali anastahili kuyalinda. Lakini ukuta umelipeleka baraza ndani. Anayerudi usiku hufunguliwa geti, huingia, na geti hufungwa. Jirani yake humjua kwa honi ya gari. Mahali pekee ambapo wawili hao hukutana ni pale mmoja wao anapokuwa na hasira, yaani katika foleni ya barabara, katika mgogoro wa maji ya mvua yanayoelekezwa kwa mwenzake, au katika kikao cha mtaa kilichoitishwa baada ya wizi. Watu wanaokutana katika shari pekee watahitimisha kwamba wamezungukwa na washari, na hitimisho hilo litaonekana kuwa na ushahidi kila siku.

Tahadhari

Haifai kuhitimisha kwamba utulivu ni mwema daima. Michel Tuan Pham na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba watu waliotulizwa walivithamini vitu kwa bei ya juu kuliko wenzao, na Gregory Razran, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikwisha kuonyesha kwamba kauli za kisiasa hupendwa zaidi zikisikilizwa wakati wa kula. Madalali wasio waaminifu wa viwanja hawakusoma tafiti hizo, lakini wanazijua. Mnunuzi hupokewa kwa heshima, huketishwa chini ya mwembe, hupewa soda baridi, huulizwa habari za wazazi, na baada ya hapo ndipo huonyeshwa kiwanja ambacho pengine kimekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Raha ya kivuli na soda huhesabiwa kuwa ni uaminifu wa dalali. Tiba ni ileile ya Schwarz na Clore, nayo ni kukiuliza chanzo: kama hisia njema imetoka kwenye kivuli, basi kivuli kishukuriwe, na hati ikakaguliwe katika ofisi ya ardhi na kwa majirani wa mpaka kabla ya fedha kutolewa.

Aidha, utulivu hauwezi kuagizwa. Mwanamke anayepita kichochoro kisicho na taa hawezi kuambiwa atulie, na kijana anayesimamishwa mara kwa mara kwa kushukiwa hawezi kuwapenda wanaomshuku. Usalama na heshima hutangulia, na pale visipokuwapo, kumlaumu mtu kwamba hana ukarimu ni kumwonea.

Hitimisho

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanawezekana bila kusubiri bajeti kubwa. Kwanza, kamati za mitaa ziache vipande vya ardhi vya pamoja vilivyobaki vibaki hivyo, vipandwe miti ya kivuli na kuwekwa mabenchi, hasa karibu na vituo vya daladala na ofisi ambako watu hungoja. Pili, wanaojenga ukuta waache nje yake kibaraza cha saruji, ambacho katika kata inayoipatia nchi saruji tangu 1966 hakiwezi kuitwa anasa. Tatu, viongozi wa mtaa wasiwaite wakazi katika vikao vya matatizo pekee, bali wawakutanishe pia siku ambazo hakuna aliyeibiwa wala kufurikwa na maji.

Kwa mtu mmoja mmoja, wajibu ni mwepesi zaidi. Jirani aliyeonekana mbaya katika foleni ya asubuhi apewe nafasi ya kuonekana tena jioni, kivulini, baada ya salamu kamili, na hukumu juu yake isitolewe kabla ya hapo.